Nikon D500 na 200-500mm vilivyotumika: naijaribuje kwa ndege na michezo kabla ya kulipa?

Kwera_Tengeru

Wakuu, heshima kwenu. Kuna mtu hapa Arusha anauza Nikon D500 pamoja na lenzi ya Nikkor 200-500mm f/5.6. Vyote vimetumika. Bodi inaonekana nzima, lenzi ina mikwaruzo kwenye hudi (kinga ya jua ya mbele) tu. Amekubali nikae navyo asubuhi moja, kuanzia saa moja mpaka saa sita, mwenyewe akiwepo, halafu ndiyo tuongee hela. Matumizi yangu ni ndege wa Ziwa Duluti na Momella, pamoja na mpira wa vijana jioni.

Kinachonitia wasiwasi ni picha za mfano alizonitumia: mwewe angani na mdiria juu ya tawi. Zote laini, manyoya hayasomeki. Taarifa za faili zinaonyesha 500mm, f/5.6, 1/640, ISO 100, AF-S, saa saba na nusu mchana. Muuzaji anasema vifaa havina tatizo, ni mkono wa aliyepiga.

Swali langu: kwa hiyo asubuhi moja, nitajuaje kama kasoro iko kwenye lenzi, kwenye bodi au kwa mpigaji? Nianze na lipi? Nina tripodi, laptop na kadi ya SD. XQD, ile aina nyingine ya kadi yenye kasi, sina.

Fundi_Shata

Mkuu, hizo picha za mfano ziweke kando, hazithibitishi lolote. Mwewe anayeruka kwa 1/640, AF-S inayofunga fokasi mara moja huku ndege anaendelea na safari yake, tena jua la saa saba: hata lenzi iliyotoka dukani leo ingetoa hivyohivyo. Hazimsafishi muuzaji na wala hazimtii hatiani.

Usianze na ndege. Ndege anakuchanganyia mambo yote kwa mpigo: mtikisiko wa mkono, mwendo wake mwenyewe, ufuatiliaji wa fokasi, usahihi wa fokasi, ubora wa vioo na hali ya hewa iliyopo kati yenu. Picha ikitoka laini hujui umlaumu nani. Anza na kitu kilichotulia, halafu uongeze ugumu mmoja mmoja.

Beba gazeti, boksi dogo lenye maandishi madogo (la dawa ya meno linafaa sana), rula ya sentimita 30 na tochi yenye mwanga mkali.

Kabla ya kupiga, vua filta kama ipo. Filta ya bei ya chini yenye kipenyo cha milimita 95 mbele ya 500mm inaharibu picha peke yake, na watu wanaishia kulaumu lenzi. Zungusha zumu kutoka 200 hadi 500 taratibu. Iwe nzito kiasi lakini isikwame wala kukwaruza; mkwaruzo wa mchanga unausikia mkononi kabla ya sikioni. Kitufe cha kufunga zumu kinashika kwenye 200 tu, kwa hiyo lenzi ikijivuta yenyewe ukiielekeza chini katika nafasi nyingine, hilo lisikutishe. Washa VR (kituliza mtikisiko cha lenzi) na ubonyeze shata nusu: utasikia mvumo mdogo na picha kwenye kitazamio itulie. Ikirukaruka au ikitoa mlio wa kugonga, acha.

Bodi sasa. Piga JPEG moja, ifungue kwa ExifTool (programu ya kusoma taarifa za faili), tafuta mstari wa ShutterCount, yaani shata imepiga mara ngapi. Nikon huandika idadi hiyo ndani ya faili. Shata ya D500 ilijaribiwa kiwandani kwa mizunguko 200,000. Hiyo haimaanishi inakufa ikifika hapo, ila ukikuta 180,000 bei lazima iongee. Halafu weka f/22, ISO 100, fokasi kwa mkono mpaka mwisho, piga anga jeupe: madoa yote ya vumbi kwenye sensa yatajitokeza. Vumbi si ugonjwa, linasafishwa. Mwisho piga ukuta mweupe uliopigwa na mwanga wa jua kwa 1/250, 1/1000, 1/4000 na 1/8000, ukibadilisha ISO ili mwangaza ulingane. Upande mmoja ukiwa mweusi kuliko mwingine kwenye 1/8000, mapazia ya shata hayaendi sawa. Jaribio hili usilifanye chini ya taa za LED, kwa sababu zinapepesa na zitakuchorea mistari ambayo si kosa la kamera.

Baada ya hapo ndiyo kipimo chenyewe. Bandika gazeti ukutani, kamera kwenye tripodi mita 10 hadi 12, 500mm, f/5.6, VR imezimwa, gurudumu la kupigia liwe kwenye MUP ili kioo cha ndani ya kamera kinyanyuke kwanza, na utumie kidhibiti cha mbali kama unacho. Fokasi kwanza kwa kutazama skrini ya nyuma, ukikuza maandishi mpaka mwisho. Piga. Kisha rudi kwenye kitazamio, AF-S, nukta ya katikati, piga picha 6, na kabla ya kila moja ivuruge fokasi kwa mkono, mara ije karibu, mara iende mbali.

Matokeo yasome hivi. Picha ya skrini ikiwa kali na za kitazamio zikiwa laini, zote kwa namna ileile, vioo ni vizima na fokasi inahitaji kurekebishwa. Hilo linatibika kwenye menyu. Picha ya skrini ikiwa kali na za kitazamio zikitofautiana, moja mbele, moja nyuma, moja sawa, mfumo wa fokasi una walakini, na hakuna menyu itakayokuokoa. Ya skrini nayo ikiwa laini, angalia kama tripodi inatikisika. Kama imetulia, tatizo ni vioo. Hapo rudisha mzigo kwa mwenyewe.

Kwenye picha hiyohiyo ya gazeti linganisha pembe nne. Zikilegea zote kwa kiasi kilekile, hiyo ni tabia ya kawaida ya lenzi ikiwa wazi. Kushoto kukiwa kukali na kulia ukungu, kwanza hakikisha kamera ilikuwa sambamba na ukuta, kisha igeuze wima na urudie. Ulaini ukihama pamoja na kamera, kuna kioo kimehama mahali pake, na mara nyingi ni kwa sababu lenzi ilianguka.

Bahari_Mbili

Ahlan ndugu zangu. Fundi kaitaja tochi halafu kaipita. Kwetu Mombasa hiyo ndiyo ya kwanza.

Ondoa lenzi kwenye bodi, simama kivulini, elekeza tochi kutoka upande wa nyuma kwa mshazari, wewe utazame kwa mbele, kisha geuza. Punje za vumbi chache si kitu. Unachotafuta ni nyuzi nyembamba zinazotawanyika kama utando wa buibui kutokea ukingoni kwa kioo. Hiyo ni kuvu, na haitoki kwa kufuta kwa nje. Ikikaa muda mrefu inakula rangi ya kinga juu ya kioo, hata ikisafishwa alama inabaki. Muulize muuzaji lenzi ilikaa wapi. Iliyoishi Arusha au Nairobi mara nyingi iko salama. Iliyokaa Dar, Tanga, Unguja au huku kwetu ndani ya begi la ngozi lililofungwa, itazame mara mbili.

Ukungu mweupe uliotanda sawasawa ni jambo lingine. Hauonekani ukitazama kwa kawaida, ila picha zinazopigwa kuelekea mwanga zinapoteza weusi wote. Piga kichaka chenye giza huku jua likiwa karibu na ukingo wa fremu. Weusi ukigeuka kijivu kila mahali hata ukiwa na hudi, kuna kitu ndani.

Na msiitoe lenzi kwenye gari lenye kiyoyozi mkaanza kujaribu papo hapo. Itashika unyevu kwenye kioo cha mbele, na dakika 15 nzima utafikiri umeuziwa jiwe.

Bawa_Wazi

Naongezea upande wa mwendo, kwa kuwa mengi ya kwenye tripodi yamesemwa.

Hesabu kidogo kwanza, ili mwenye mada aone kwa nini 1/640 haikuwa na nafasi. Ndege anayekatiza mbele yako kwa mita 10 kwa sekunde, umbali wa mita 20, lenzi 500mm. Ndani ya 1/500 ya sekunde anasogea sentimita 2. Kwenye sensa ya D500, ambayo kila pikseli ina upana wa maikromita 4.2 hivi, hizo ni karibu pikseli 120 za ukungu kama hukumfuata kwa lenzi. Kwa 1/2000 zinabaki 30. Ndiyo maana spidi peke yake haitoshi: lazima lenzi iende naye, na spidi imalizie kilichobaki.

Kwa jua kamili f/5.6 na ISO 400 inakupa kama 1/3200. Hakuna sababu ya kung'ang'ania ISO 100 kwenye ndege. Weka modi ya M, f/5.6, 1/2500, na ISO ijipange yenyewe, kikomo 3200. Mwewe mbele ya anga ongeza mwangaza +1, vinginevyo tumbo lake litakuwa kivuli kitupu. Yangeyange mbele ya matete punguza −0.7, la sivyo manyoya meupe yanaungua na hayarudi hata kwenye RAW.

Sasa jaribio la ufuatiliaji. Tafuta mtu mwenye baiskeli, avae fulana yenye maandishi makubwa, aje moja kwa moja kuelekea kwako kutoka mita 60 hadi mita 10, mwendo wa kilomita 20 kwa saa. Hiyo ni kama sekunde 9. Kamera iwe AF-C (fokasi inayoendelea kumfuata), nukta 25 za dainamiki, fremu 10 kwa sekunde, JPEG ili kadi yako ya SD isizibe, nukta kifuani. Bonyeza na usiachie. Utapata karibu fremu 90. Zikague moja moja kwa asilimia 100.

Kazi ya mota ya fokasi inaongezeka kwa mraba jinsi kitu kinavyokaribia: kwa mwendo uleule, akiwa mita 10 mota inatakiwa iende mara 36 ya pale alipokuwa mita 60. Lenzi hii haikuundwa kwa mbio za karibu, kwa hiyo ikianza kuachwa akiwa mita 12 au 15, huo si ugonjwa. Ikiachwa akiwa mita 40, hapo pana neno. Tazama na mpangilio wa makosa. Zote zikiangukia nyuma ya mwendeshaji kwa kiasi kilekile, ni marekebisho ya fokasi. Zikiyumba mbele na nyuma bila utaratibu wakati nukta ilikuwa kifuani muda wote, ni mfumo.

Kwenye menyu, a1 (kipaumbele cha AF-C) iache kwenye kipaumbele cha kupiga, kama ilivyotoka kiwandani. Kamera itapiga hata pale fokasi haijakaa, na kwa kujaribu hicho ndicho unachokitaka: uone ukweli, si kamera ikunyime fremu mbovu ukadhani iko vizuri. Ile a3 ya kitu kinachokatiza iwe 3. Baadaye kwa mpira ipandishe 4, refa asikuibie fokasi.

Kwa Duluti, mtafute mdiria yule wa nyeusi na nyeupe. Ananing'inia hewani juu ya maji kwa sekunde kadhaa kabla ya kupiga mbizi, kichwa kimetulia tuli, mabawa ndiyo yanayopiga. Hakuna ndege mwingine anayetenganisha makosa vizuri hivyo. Mpige 1/1000. Jicho likiwa kali na mabawa yakiwa moshi, fokasi ni nzima, ulichokosa ni spidi tu. Jicho na mdomo vikiwa laini wakati ncha ya bawa moja ina ukali, fokasi imeangukia pembeni. Fremu nzima ikiwa laini na ina mkia wa upande mmoja, ni mkono. Wataka ndege wepesi zaidi kuanzia, yangeyange wanaorudi kulala jioni ni wakubwa na wananyooka. Mbayuwayu waache, hao wanamshinda hata mwenye lenzi ya bei ya gari.

Kijicho_Pembeni

Mmeisahau saa. Muuzaji alipiga saa saba na nusu, na nyinyi nyote mnazungumzia vioo.

Kuanzia saa nne hivi ardhi ikishapata moto, hewa inayopanda inapindisha mwanga, yale mazigazi unayoyaona juu ya lami. Kwa lenzi ya 500mm yanatosha kuua manyoya yote ya ndege aliye mita 60, na hakuna spidi ya shata wala bei ya lenzi inayoyaondoa. Amboseli kwenye ziwa kavu, au mbuga ya Nairobi upande wa nyika saa sita, unaweza kuwa na lenzi bora duniani ukatoka na picha za rangi ya maji.

Dalili yake: piga mfululizo wa fremu 10 za kitu kisichosogea, mfano nguzo ya umeme, kamera ikiwa kwenye tripodi. Pitisha haraka haraka kwenye skrini. Mstari ulionyooka ukionekana unajipinda tofauti kwenye kila fremu, hiyo ni hewa. Kosa la fokasi halibadilishi umbo la nguzo.

Kwa hiyo panga asubuhi yako kinyume na watu wanavyofanya: vipimo vya mbali kwanza, saa moja mpaka saa tatu, vya gazeti mita 10 baadaye ukiwa kivulini. Kuwa juu ya maji au majani mabichi kunasaidia kuliko udongo mtupu na mabati. Mkiwa kwenye gari, zimeni injini, fungueni vioo, lenzi ilale juu ya mfuko wa kitenge uliojazwa kilo mbili za maharage. Kupiga kupitia kioo cha gari ni kupoteza muda wa muuzaji.

Namba_Tisa

Nakubaliana na mengi, ila kuna la VR halijaguswa. Juu ya 1/1000 mimi nasema izimwe. Inachelewesha fremu ya kwanza na picha inaruka kwenye kitazamio kati ya fremu na fremu. Kwa mpira na pikipiki haina kazi.

Bawa_Wazi

@Namba_Tisa ndugu, swichi ya VR ikiwa NORMAL uko sahihi, inaruka. Iweke SPORT. Lenzi ni gramu 2,300 pamoja na kola yake ya tripodi, bodi gramu 860. Hizo ni zaidi ya kilo 3 zinazoning'inia mbele ya uso. Baada ya dakika kumi nukta ya fokasi haikai juu ya ndege, inacheza. SPORT inatuliza kitazamio, nukta inakaa pale unapoitaka, na hiyo faida ipo hata kwa 1/3200. Mwenye mada apige mfululizo wa baiskeli mara mbili, SPORT na bila VR, ahesabu mwenyewe.

Namba_Tisa

Sawa, kwa ndege nakuachia. Kwa mpira bado naizima, lenzi ikiwa juu ya monopodi (stendi ya mguu mmoja) mkono hauchoki.

Mkuu Kwera, kwa mpira mambo ni mawili. La kwanza mwanga. Jioni mwanga ukishapungua, f/5.6 na 1/1000 vitakupeleka ISO 3200 au 6400 bila kupenda. Piga fremu za ISO hizo kivulini kabla hujalipa, uone kama unazikubali, maana lenzi haifunguki zaidi ya hapo. Usishuke chini ya 1/800 kwa mtu anayekimbia: mwili utatoka, miguu na mpira vitafutika. La pili umbali. Golini kwa upande wako 500mm ni ndefu mno. Kaa pembeni mwa uwanja karibu na kona, tumia 200 hadi 300, na utaona kwamba huko fokasi inashika haraka zaidi.

Ukitaka kuonyesha mwendo badala ya kuugandisha, jaribu bodaboda inayokatiza mbele yako: 1/80, f/11 au zaidi, ISO 100, VR kwenye SPORT, zungusha kiuno si mikono, anza kuifuata kabla haijafika na uendelee baada ya kupiga. Hili si jaribio la lenzi, hapa anayepimwa ni wewe.

Kwera_Tengeru

Wakuu, asanteni mno. Asubuhi imepita, naweka matokeo.

Tochi: vumbi kidogo, hakuna nyuzi. Ukuta wa 1/8000 uko sawa pande zote. ShutterCount 61,400. Gazeti mita 10: picha ya skrini ya nyuma kali kabisa, maandishi madogo yanasomeka. Za kitazamio zote 6 laini kidogo kwa namna moja. Nikaweka rula kwa mshazari pembeni mwa boksi: ukali unaangukia kama sentimita 4 nyuma ya boksi, kila mara. Kwenye 200mm sioni tofauti. Baiskeli: nyingi zimeangukia nyuma ya kifua, hazikuyumba. Mdiria nilimpata akining'inia, 1/1000: jicho laini, bawa la nyuma kali.

Kwa nilivyowaelewa hii ndiyo ile inayotibika. Narekebishaje, na je, kwenye 200mm haitaharibika?

Fundi_Shata

Umepima vizuri. Kwa 500mm, f/5.6, mita 10, eneo lote lenye ukali ni kama sentimita 9, nusu mbele na nusu nyuma. Fokasi ikikosea sentimita 4 kitu chako kinakaa ukingoni kabisa mwa hilo eneo: si ukungu wa kutisha, ila jicho la ndege halitakuwa kali kamwe. Mdiria wako na baiskeli vinasema jambo lilelile na rula.

D500 inajipima yenyewe. Lenzi 500mm, f/5.6, tripodi imara, boksi kivulini lakini penye mwanga wa kutosha, mita 12 hadi 15. Washa modi ya skrini, AF-S, nukta katikati kabisa, fokasi, kuza uhakikishe maandishi ni makali. Kisha shika kwa pamoja kitufe cha modi ya fokasi kilicho mbele upande wa kushoto na kile chekundu cha kurekodi video, zaidi ya sekunde 2. Kamera itauliza, kubali. Ingia menyu ya mipangilio uwashe marekebisho ya fokasi, usome namba iliyoandikwa.

Sasa usiiamini namba ya kwanza. Rudia mara 5, uziandike. Zikija kama −6, −7, −5, −7, −6, weka −6 na uendelee na maisha. Zikitapakaa kutoka −2 hadi −12, kipimo ni kibovu: ama tripodi inacheza, ama boksi halina maandishi yenye weusi na weupe wa kutosha. Kwako namba lazima iwe ya hasi, kwani fokasi iko nyuma na unataka kuivuta karibu. Ikikuletea chanya kuna kitu umekosea kwenye kupima. Mwisho wa kipimo ni 20 kila upande. Lenzi inayodai zaidi ya 15 ningeipeleka kwa fundi badala ya kuilazimisha.

Kuhusu 200mm: bodi hii inakubali namba moja tu kwa lenzi nzima ya zumu, kwa hiyo unachagua mwisho unaoutumia zaidi. Kwa mita ileile 10, eneo la ukali kwenye 200mm ni zaidi ya nusu mita. Kosa dogo litamezwa humo, ndiyo maana hukuona tofauti. Rekebisha kwa 500 bila hofu.

Ukimaliza, rudia rula kwa kitazamio kwenye mita 8 na mita 25. Ikikaa sawa kote, hapo ndipo uongee hela. Kasoro ya aina hii haipunguzi thamani ya lenzi, lakini muuzaji hajui hilo, na picha zake mwenyewe za mwewe unazo kwenye simu.

Bahari_Mbili

Hahaha, Fundi, hiyo ya mwisho ni biashara ya soko la Mwembe Tayari kwetu Mombasa sasa.

Kijicho_Pembeni

Kabla hajalipa, betri. Tazama maandishi chini ya EN-EL15. Ikiwa Li-ion01, hiyo ni toleo la zamani, na kwenye D500 huonekana imekwisha mapema kuliko inavyopaswa. Unataka iliyoandikwa Li-ion20, au EN-EL15a na zilizofuata. Ingia pia kwenye taarifa za betri ndani ya menyu usome umri wake: 0 ni mpya, 4 imechoka.

Na kadi. Bafa ya D500 (kumbukumbu ya muda ya picha za mfululizo), ile ya RAW 200 mfululizo, inatokana na XQD ya kasi. Ukiwa na SD ya kawaida kamera itaanza kusita mapema zaidi, na ukidhani ni kosa la bodi utakuwa umeionea. Nafasi ya SD inakubali UHS-II (SD za kasi zaidi), hiyo itakusogeza mbele sana. Ukinunua kadi mtaani ipitishe kwanza kwenye H2testw kama laptop ni ya Windows, au F3 kama ni Linux: programu inaijaza kadi yote na kuisoma tena. Kadi bandia za GB 128 zenye GB 16 ndani hukubali picha zote bila kulalamika, unakuja kuona faili zimeoza ukifika nyumbani.

XQD zimekuwa adimu. Toleo 1.30 la programu ya ndani ya D500 liliongeza uwezo wa kutumia kadi za CFexpress Aina B kwenye tundu lilelile la XQD. Angalia kwenye menyu kama bodi hiyo imeshasasishwa, la sivyo sasisha mwenyewe kabla ya kununua kadi. Kisoma kadi cha XQD pekee hakitaisoma CFexpress, kwa hiyo bei ya kisoma kadi iweke kwenye hesabu zako tangu sasa.